Mambo ya Nyumbani: Zulia la Baba Mkwe

Mama mmoja wa Bukavu ametuletea barua ndefu, nasi twamshukuru, maana barua yake imetupa kazi ya kupendeza. Baba mkwe wake alikuwa mpishi katika nyumba ya Wazungu. Mwaka 1960, bwana wa nyumba alipokuwa akifunga mizigo yake kwa haraka, alimwachia mpishi vitu vitatu: kabati, saa ya ukutani, na zulia la Uajemi. Kabati limeliwa na mchwa. Saa ilikwisha nyamaza zamani. Zulia lingaliko.

Sasa mzee amefariki, na wanawe wawili wataka kugawana urithi bila ugomvi. Shamba wamekwisha kuligawa. Zulia nalo wameamua kulikata katikati, kila mmoja achukue nusu yake. Mama huyu, mke wa yule mkubwa, hapingi. Atuuliza neno moja tu: «Tukiisha kulikata, nishone namna gani ule ukingo uliokatwa, nyuzi zisifumuke?»

Mama mpenzi, swali lako ni la mtu mwenye akili, maana umeiona hatari ambayo wanaume hawakuiona. Juu ya mshono nitakujibu, nawe utautumia, kwa sababu waandika kwamba miisho ya zulia imekwisha kuanza kufumuka yenyewe. Lakini nakuomba umfikishie mumeo na shemeji yako maneno haya kabla hawajashika kisu.

Zulia lililofumwa kwa mkono si kama kitenge kinachopimwa dukani na kukatwa kwa mkasi. Mfumaji hutandika kwanza nyuzi ndefu za pamba, toka mwisho mmoja hata mwisho mwingine. Huo ndio mtande. Juu ya mtande hufunga mafundo ya sufu, safu moja kamili, moja moja kwa vidole. Kisha hupitisha uzi wa kukingama, yaani mshindio, na kuushindilia kwa kitana kizito. Halafu safu nyingine, na mshindio mwingine, hivyo hivyo kwa miezi mingi. Hapana gundi, hapana cherehani. Kila fundo lashikwa na jirani zake tu. Watu wengi hufikiri kwamba matamvua yale meupe ni pambo lililoshonwa baadaye. Sivyo: matamvua ni miisho ya mtande wenyewe. Ukikata zulia kwa kukingama, umekata mtande wote; ukilikata kwa urefu wake, umekata kila mshindio. Kwa vyovyote mafundo yataanza kutoka, na lile ua kubwa la katikati litakuwa nusu huku na nusu kule.

Mambo haya yalikwisha kufanywa na watu wenye ufundi kuliko sisi. Katika mji wa Ardabil, kaskazini-magharibi mwa Irani, kwenye kaburi la Shehe Safi al-Din, palikuwa na mazulia mawili makubwa mno yaliyofanana. Yana tarehe moja, mwaka 946 wa Hijra, yaani 1539 au 1540 kwa hesabu yetu, na jina la Maqsud wa Kashan limefumwa ndani yake. Katika karne ya 19 yaliuzwa, nayo yalikuwa yamechakaa. Wafanya biashara wakaona afadhali kupata moja lililo kamili kuliko mawili yenye matundu. Wakakata la pili ili kulitia la kwanza viraka. La kwanza likanunuliwa mwaka 1893 na makumbusho ya London ambayo leo yaitwa Victoria and Albert Museum, kwa paundi 2,000. Urefu wake wapita mita 10, na katika kila mraba wa sentimita 10 kwa 10 mna mafundo kadiri ya 5,300. La pili liko Los Angeles, katika Marekani. Ni zuri hata sasa, lakini limekuwa dogo. Pindo lake lote halipo, na sehemu ya uwanja wake pia. Wafanya biashara wale walikuwa na sababu zao, nami siwahukumu. Lakini hata wao, katika mazulia mawili, walipata moja na mabaki. Mumeo na ndugu yake wanalo moja tu.

Tuje kwa zulia lenu. Waandika kwamba lina nyekundu na bluu nzito, na ukiligeuza waona vidoto vyeupe vya pamba kati ya mafundo. Yaelekea kuwa ni kazi ya vijiji vya kandokando ya Hamadan, magharibi mwa Irani. Huko wafumaji hupitisha mshindio mmoja tu baada ya kila safu, na ndiyo sababu mtande huonekana nyuma kama vidoto. Mazulia hayo hayakufumwa kwa ajili ya majumba ya wafalme. Wanawake waliyafuma nyumbani ili yakanyagwe; sufu yake ni nene, nayo humsamehe mshonaji makosa yake. Tena tusidhani kwamba ni kitu kigeni kabisa kwetu. Neno zulia lenyewe latoka kwa Waajemi, lilitufikia kwa njia ya Waarabu na bahari. Na rangi, na pamba pia, ni maneno yenye asili ya Uajemi. Twayasema kila siku sokoni bila kuwakumbuka wenyewe.

Kazi ya kwanza si sindano, ni vumbi. Mchanga uliozama chini ya manyoya ni mkali, na kila mguu ukanyagapo hukata sufu kwenye shina lake. Nimeona watu wakilitundika zulia kwenye kamba na kulipiga kwa fimbo kama wanaua nyoka, na vijana huipenda sana kazi hiyo. Usiwaachie. Pamba ya mtande iliyokaa miaka 70 imekauka, nayo yaweza kukatika kwa ndani bila wewe kuona. Lilaze zulia kifudifudi juu ya sementi iliyofagiwa, ulipige mgongoni kwa kiganja, polepole, toka mwisho hata mwisho. Liinue utazame: utashangaa mchanga ulio chini. Fagia, lilaze tena, piga tena, hata sementi ibaki safi. Kisha ligeuze, ulipapase kwa mkono. Upande mmoja manyoya yalala laini kama mgongo wa paka, upande mwingine yanakataa. Fagia siku zote kwa kufuata upande wa kulala, kwa ufagio laini.

Unapolipapasa, angalia nondo. Tundu ulilolitaja, lililo kwenye pembe iliyokuwa chini ya kitanda, bila shaka ni kazi yao. Yule kipepeo mdogo wa rangi ya majani makavu hali sufu. Ni viwavi wake walao, nao hupenda giza, uchafu na mahali pasipoguswa. Safisha kwa brashi pande zote mbili. Lilaze nusu siku juani, mgongo ukielekea juu, maana viwavi hawapendi joto na mwanga, lakini rangi nazo hazilipendi jua. (Huko London, taa za lile zulia la Ardabil huwashwa dakika 10 tu katika kila nusu saa, ili rangi zisififie.) Baridi kali huua nondo vizuri zaidi: zulia dogo lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na kuwekwa juma mbili katika friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, hutoka bila kiumbe hai. Ukiwa na ndugu mwenye duka la samaki, mwombe nafasi, ufunge mfuko mara mbili, na uombe umeme usikatike. Ukilitoa, usifungue mfuko mpaka zulia lipate joto la chumba, lisije likalowa kwa umande. Vile vidonge vyeupe vya nondo siviafiki ndani ya nyumba yenye watoto. Ni sumu, na mtoto hudhani ni peremende.

Lakini usimsingizie nondo kila kosa. Ukiona mahali penye mistari myeusi au ya kahawia nzito pameshuka chini kuliko rangi nyingine, hapo hakuna mdudu. Rangi hizo za kale zilipikwa kwa chuma, na chuma kidogo kidogo huila sufu. Mafundi hawaponyi kitu hapo, nawe paache.

Sasa mshono uliouuliza. Tafuta sindano nene isiyochoma sana, subana ya kidole, na uzi wa pamba au wa kitani ulio imara, rangi yake kama ile ya matamvua. Pitisha uzi juu ya kipande cha nta mara mbili tatu, upate kuteleza na usikatike. Lilaze zulia juu ya meza, mwisho wake ukikuelekea. Chana nyuzi za mtande kwa vidole zinyoke. Hata zile fupi usizikate. Sukuma mishindio iliyolegea irudi kuyagusa mafundo. Anza sentimita mbili ndani kutoka pembeni. Sindano iingie kati ya nyuzi za mtande, ipite nyuma ya mishindio miwili au mitatu, itokee, uzi uzunguke juu ya ukingo, kisha ruka nyuzi mbili za mtande, uingie tena. Jambo moja wanafunzi hulisahau: usichome mstari mmoja. Mshono mmoja uingie ndani kidogo, unaofuata uingie zaidi, halafu kidogo tena. Ukichoma wote katika mstari mmoja utakuwa umetoboa zulia kama karatasi ya stempu, nalo litachanika papo hapo. Tena usivute sana. Ukingo ukianza kujikunja, fungua, urudi nyuma.

Kingo za ubavuni zahitaji dawa nyingine. Pale mtande wa mwisho huzungushiwa sufu kama kamba, na sufu hiyo huwa ya kwanza kuliwa na miguu. Chukua sufu yenye rangi ya karibu, uzungushe upya juu ya ile kamba, uzi kando ya uzi, na kila baada ya mizunguko michache sindano iingie ndani hata kupita fundo la kwanza, ili kamba isijitenge na mwili wa zulia.

Neno juu ya sufu. Nyuzi nyingi za kufumia sweta ziuzwazo sokoni siyo sufu, ingawa muuzaji ataapa. Choma kipande kidogo. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kwa vidole. Ile ya kiwanda huyeyuka ikawa kama shanga ngumu. Usichanganye hizo mbili katika zulia, kwa maana hazichakai sawasawa wala hazing'ari sawasawa. Sweta ya zamani ya sufu, iliyokwisha kuvaliwa na kufuliwa, ikifumuliwa hufaa kuliko uzi mpya, kwani rangi yake imetulia.

Upara ulio katikati, pale kiti cha mzee kilipokaa miaka yote, waweza kuujaribu mwenyewe, kama mtande na mshindio vingali vizima. Fundo la Hamadan ni jepesi kujifunza. Tazama nyuzi mbili za mtande zilizo jirani. Ingiza sindano katikati yake, ipite chini ya ule wa kushoto itokee nje kushoto. Leta uzi juu ya zote mbili hata kulia. Ipite chini ya ule wa kulia, itokee tena pale katikati. Vuta chini, kata, ukiacha manyoya marefu kidogo kuliko ya jirani. Utayasawazisha kwa mkasi kazi yote ikiisha, si kabla. Fundo hili huitwa la Kituruki. Liko na lingine liitwalo la Kiajemi, ambalo huzunguka uzi mmoja kabisa na kupita tu nyuma ya mwenzake. Wataalamu walilipa jina la mji wa Senneh, na kichekesho ni kwamba wafumaji wa Senneh wenyewe hufunga lile la Kituruki.

Kabla ya kuanza, piga hesabu. Zulia la kijijini laweza kuwa na mafundo 1,000 katika mraba wa sentimita 10 kwa 10. Mwanafunzi afungaye fundo moja kwa dakika atakaa saa 16 na zaidi kwa upara wa ukubwa wa kiganja. Ukiona ni nyingi, acha upara ubaki upara. Ni mahali pa mzee. Wako wafanya biashara wapakao wino au rangi ya maji hapo, ili mnunuzi asione pamba nyeupe. Wewe huuzi, basi huna la kuficha.

Tundu la nondo ni jambo jingine, hasa ikiwa nyuzi za chini nazo zimekatika. Kurudisha mtande na mshindio mpya ni kazi ya fundi aliyefundishwa. Kazi yako ni kulizuia tundu lisikue. Kata kitambaa cha pamba imara, kilichofuliwa kwanza kisije kikajikunja baadaye, kipana kuliko tundu kwa sentimita 5 kila upande. Kishone chini ya zulia kwa mishono mirefu iliyolegea, kisha zilaze nyuzi zilizokatika juu yake na kuzishika moja moja. Gundi usitie kamwe, wala utepe wa kunata. Gundi hukauka ikawa kama gome, na siku ya kupata fundi atashindwa kupitisha sindano.

Nimeacha kufua mpaka mwisho kwa makusudi, maana zulia ambalo kingo zake hazijafungwa hufumuka majini. Tena nina aibu yangu hapo. Miaka mingi iliyopita nilipewa zulia dogo la maua meupe juu ya nyekundu. Nikalifua kama nilivyoona mashuka yakifuliwa, kwa maji ya moto na magadi. Kabla ya dakika kumi nyekundu ilikuwa imetembea ndani ya maua yote, nayo haikurudi. Zulia lile lilikuwa la mtu, na mtu yule hakusema neno, ningependa angesema.

Kwa hiyo, jaribu kwanza. Lowesha kitambaa cheupe kwa maji baridi yenye sabuni kidogo, ukikandamize dakika chache juu ya kila rangi, hasa nyekundu. Rangi za kale zilizopikwa kwa mizizi ya ronasi na kwa nili hutulia. Zile za viwanda, zilizoingia Uajemi katika karne ya 19, nyingine hutulia na nyingine hukimbia, nasi kwa macho hatuwezi kuzipambanua. Kitambaa kikipata rangi, usifue. Ridhika na kutoa vumbi. Kikibaki cheupe, kunja pembe moja polepole karibu na sikio. Ukisikia mlio kama vijiti vinavyovunjika, pamba imeoza, na maji yataimaliza.

Likishinda majaribio yote mawili, ngoja kiangazi, siku kavu, tangu asubuhi. Maji yawe baridi na mengi, sabuni iwe laini na iyeyushwe kwanza ndani ya ndoo, brashi ifuate kulala kwa manyoya. Maji ya javeli, hapana. Magadi, umekwisha kunisikia. Suuza hata maji yatoke safi, na katika ndoo ya mwisho tia kikombe kidogo cha siki nyeupe. Kamua kwa kusukuma maji kwa ubao laini, usilisokote. Lianike likiwa bapa, kivulini, juu ya miti iliyolazwa, upepo upite juu na chini. Manyoya hukauka upesi na kukudanganya. Gusa pamba ya chini. Ikiwa baridi kwa mkono, haijakauka, na pamba iliyofungiwa na unyevu huota kuvu, kisha huoza.

Wenyewe Waajemi hulichukua jambo la maji na zulia kwa heshima kubwa. Huko Mashhad-e Ardehal, karibu na Kashan, watu wa Fin kila mwaka huchukua zulia hata kwenye maji yaendayo, hulisuuza, na kulinyunyizia maji ya waridi, kumkumbuka mtakatifu wao Soltan Ali, ambaye husimuliwa kwamba mwili wake ulibebwa ndani ya zulia. Mwaka 2012 UNESCO iliiandika ibada hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Basi, ndugu wawili watagawanaje? Shauri langu ni hili, nanyi mlipime nyumbani. Zulia likae mwaka mmoja kwa mkubwa na mwaka mmoja kwa mdogo, na lihame siku ya misa ya kumkumbuka mzee, mnapokutana nyote. Anayelipokea aligeuze mbele ya wote na kutazama pembe zake nne, ili tundu jipya lijulikane limeanza nyumba gani. Baada ya miezi sita alizungushe, kichwa kiende miguuni, miguu ya watu isichoshe upande mmoja tu. Chini yake atandike kitu laini, hata blanketi kuukuu. Wakati wa kuhama lizungushwe juu ya mti mnene, lisikunjwe kama shuka, na kuvikwa kitambaa cha pamba, siyo plastiki.

Na wewe, mama, ukimaliza mshono wa miisho yote miwili, andika kwa uzi, juu ya kile kitambaa ulichokishona chini ya tundu, mwaka uliotengeneza. Sufu iliyobaki, sindano na nta vitie katika mkoba mdogo. Mkoba huo usafiri pamoja na zulia.